Minimal libc, picolibc au newlib: maktaba ipi ya C kwa mradi wako wa Zephyr?

Mtu huanza mradi wa Zephyr, mfumo endeshi mdogo wa maikrokontrola, kwa kuchagua bodi, kuandika `main` na kujenga, na mambo yanakwenda. Suala la maktaba ya C huibuka baadaye: `printf` inachapisha `*float*` mahali pa halijoto, au `malloc` inarudisha NULL ilhali RAM iliyobaki ni tele. Hapo ndipo anapogundua kwamba maktaba ilikwisha kuchaguliwa kwa niaba yake, na kwamba kila moja ina namna yake ya kukwama.

Kwenye bodi nyingi uchaguzi uko kati ya tatu: minimal libc, picolibc na newlib. Hii ya mwisho ina matoleo mawili, kamili na nano, na tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa kiasi cha kuyatazama kama maktaba mbili. Zote zinatoa `memcpy` na `snprintf` kwa majina yaleyale, kwa hiyo msimbo unaweza kukompailiwa bila kosa kwenye zote nne kisha ukatoa matokeo tofauti kwenye bodi. Hilo ndilo linalofaa kueleweka kabla ya kuchagua.

## Kiwango cha lugha ni jambo moja, maktaba ni jingine

Wengi huyachanganya haya mawili. Kiwango cha lugha (C99, C11, C17) kinamhusu kompaila. Zephyr hukiweka kupitia `CONFIG_STD_C11`, `CONFIG_STD_C17` na ndugu zake, na ndicho kinachoamua kama `_Static_assert` au `_Generic` itakubalika. Maktaba inahusu vitendakazi unavyoviita. Kuandika `CONFIG_STD_C17=y` hakukuletei `sscanf`.

Kiwango cha C chenyewe kinatambua mazingira mawili. Kwa mazingira yasiyo na mfumo kamili nyuma yake, C11 inadai vichwa vichache tu: `<float.h>`, `<iso646.h>`, `<limits.h>`, `<stdalign.h>`, `<stdarg.h>`, `<stdbool.h>`, `<stddef.h>`, `<stdint.h>` na `<stdnoreturn.h>`. Havimo `<string.h>` wala `<stdio.h>`. Hata hivyo GCC huweza kuingiza miito ya `memcpy`, `memmove`, `memset` na `memcmp` yenyewe, hata kama hukuiandika. Kunakili struct kubwa kunatosha. Kwa hiyo maktaba fulani lazima iwepo.

Kiini (kernel) cha Zephyr kwa upande wake kinajibana kwenye orodha fupi ya vitendakazi ambayo kila maktaba inaitimiza. Ndiyo maana unaweza kubadilisha maktaba bila kiini kutikisika. Kinachoweza kutikisika ni msimbo wako na maktaba za watu wengine ulizozileta.

## Vigezo vya kulinganisha

Tutazitazama kwa mambo sita: upana wa C zinayotoa, uchapishaji wa namba, hipu (kumbukumbu inayogawiwa programu ikiendelea) na `malloc`, staki (kumbukumbu ya muda ya kila uzi) na nyuzi (threads), ukubwa kwenye flashi, na namna zinavyopatana na C++ na msimbo wa nje. Uchapishaji wa namba na hipu vimepewa nafasi zaidi, kwa kuwa ndiko hitilafu nyingi zinakotokea.

Kwenye `prj.conf`, faili la mipangilio ya mradi, uchaguzi wenyewe ni mstari mmoja, ila nano huongeza wa pili juu ya ule wa newlib:

```
CONFIG_MINIMAL_LIBC=y
# au
CONFIG_PICOLIBC=y
# au
CONFIG_NEWLIB_LIBC=y
CONFIG_NEWLIB_LIBC_NANO=y
```

Haya ni machaguo ya kundi moja, kwa hiyo maktaba moja ikiwashwa nyingine huzimika. Usipoandika lolote, kuanzia Zephyr 3.5 ya mwaka 2023 bodi nyingi hupata picolibc. Kabla ya hapo zilipata minimal libc, na mafunzo mengi ya zamani bado yanaizungumzia kana kwamba ndiyo ya kawaida. Ili kujua ulichonacho kwa hakika, fungua `build/zephyr/.config` utafute `LIBC`. Usitegemee ulichoandika kwenye `prj.conf` pekee, maana moduli nyingine inaweza kuwa imedai kitu kikubwa zaidi.

## Upana wa C

Minimal libc iko ndani ya msimbo wa Zephyr, kwenye `lib/libc/minimal`. Iliandikwa kutimiza mahitaji ya Zephyr na mifumo yake midogo: kushughulikia matini, kuchapisha, kupanga kwa `qsort`, kugeuza matini kuwa namba nzima kwa `strtol`. Haina `sscanf`, haina herufi pana, haina lugha na maeneo ya `<locale.h>`, na kwa hesabu usitegemee `sin`, `log` au `pow`. Uzuri wake ni kwamba kinachokosekana hukuambia mapema. Linka, programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, inasema `undefined reference to 'sscanf'`, nawe unajua siku hiyohiyo, kabla bodi haijafika kwa mteja.

Picolibc ni maktaba kamili inayolenga C17 na POSIX ya 2018. Keith Packard aliianza kwa kuunganisha vipande vya newlib na sehemu ya ingizo na tokeo iliyotoka AVR libc, na toleo la kwanza lilitoka 2019. Hesabu zake zimekamilika kwa `float`, `double` na `long double`, isipokuwa vitendakazi vya Bessel vya `long double`, ambavyo ni nadra mtu kuvihitaji kwenye maikrokontrola.

Newlib kamili nayo inatoa karibu kila kitu ambacho mtu huzoea kwenye kompyuta. Nano inatoa vitendakazi hivyohivyo kwa majina, ila imepunguza uwezo ndani yake, na hapa kuna mtego: linka haitalalamika. Kitendakazi kipo, kinaitwa, kisha kinafanya kidogo kuliko ulichodhani.

## Uchapishaji wa namba

Minimal libc, picolibc na newlib nano kwa kawaida zinaacha desimali nje ya `printf` mpaka uziombe, kwa sababu msimbo wa kugeuza `double` kuwa matini ni mzito. Tofauti iko kwenye unachokiona ukisahau kuomba:

- Minimal libc inachapisha alama yenyewe, yaani unaona `%f` kwenye skrini.
- Picolibc inaandika `*float*`.
- Newlib nano inaacha pengo tupu. Sentensi inakuwa "Halijoto: C", bila dalili yoyote ya kosa.

Dalili hizi tatu zinatosha kutambua maktaba bila kufungua faili lolote. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwenye kumbukumbu za matukio, kwa sababu msomaji hudhani sensa haikutoa thamani.

Kurekebisha, minimal libc na picolibc zinahitaji `CONFIG_CBPRINTF_FP_SUPPORT=y`, na newlib nano inahitaji `CONFIG_NEWLIB_LIBC_FLOAT_PRINTF=y`. Lakini kuna njia bora ambayo inashangaza kuona miradi michache tu ikiitumia:

```
CONFIG_REQUIRES_FULL_LIBC=y
CONFIG_REQUIRES_FLOAT_PRINTF=y
```

Mistari hii haitaji maktaba. Inasema mahitaji, na Zephyr inawasha kinachohusika kwa maktaba iliyopo. Ukiandika moduli itakayotumiwa na miradi ya watu wengine, andika hivi. Kuilazimisha newlib ndani ya moduli ni kumwamulia mwenye mradi jambo ambalo si lako.

Usahihi nao unatofautiana. Picolibc kwa kawaida hugeuza desimali kwa namna ambayo namba ikichapishwa kwa tarakimu za kutosha kisha ikasomwa tena inarudi ileile bila kupoteza biti. Hilo lina gharama kwenye flashi. Kama unachapisha volti kwa tarakimu mbili baada ya nukta, huhitaji usahihi huo, na unaweza kubadilisha:

```
CONFIG_PICOLIBC_USE_MODULE=y
CONFIG_PICOLIBC_IO_FLOAT_EXACT=n
```

Mstari wa kwanza ni wa lazima. Picolibc iliyokuja tayari imekompailiwa ndani ya Zephyr SDK haiwezi kubadilishwa hivi. Ni lazima ijengwe pamoja na mradi kama moduli. Tarajia takriban mafaili 1000 zaidi ya kukompaili kwenye ujenzi wa kwanza.

Sasa namba nzima za biti 64. `k_uptime_get()` inarudisha `int64_t`, kwa hiyo karibu kila mradi wa Zephyr hufika mahali pa kuandika `%lld`. Picolibc na minimal libc zinalishughulikia ikiwa `CONFIG_CBPRINTF_FULL_INTEGRAL` imewashwa, kama ilivyo kawaida. Mwenye kubana nafasi akiweka `CONFIG_CBPRINTF_REDUCED_INTEGRAL=y`, namba zisizotosha ndani ya biti 32 kwenye maikrokontrola ya biti 32 hazitachapishwa sawasawa. Newlib nano haijui alama zilizoletwa na C99 kabisa: `%lld` inatokea kama herufi `ld`, na `%hhx` nayo ina shida hiyohiyo. Kibaya zaidi, thamani ya biti 64 haikuchukuliwa kutoka kwenye orodha ya vigezo, kwa hiyo kila alama inayofuata ndani ya matini ileile husoma mahali pasipo pake. Ikiwa kuna `%s` mbele, programu inaweza kufuata kielekezi cha uongo na kuanguka. Anayebaki na nano agawe namba vipande viwili vya biti 32 au apunguze kipimo, kwa mfano achapishe sekunde kama `uint32_t`.

Jambo moja la picolibc ambalo si hitilafu ila huwashtua watu: `printk`, `snprintk` na wenzake hutekelezwa kupitia `stdio` yake. Mpangilio unaoubadilisha kwa ajili ya `printf` unabadilisha pia `printk`.

## Hipu na malloc

Hapa kuna kosa linalojirudia kwenye maktaba zote: mtu anaongeza `CONFIG_HEAP_MEM_POOL_SIZE`, na `malloc` inaendelea kushindwa. Mpangilio huo ni wa `k_malloc`, hipu ya kiini. `malloc` ya C ina hipu yake tofauti.

Minimal libc na picolibc zinatumia utekelezaji mmoja wa `malloc`, uliojengwa juu ya hipu ya Zephyr yenyewe, na ukubwa wake huwekwa hapa:

```
CONFIG_COMMON_LIBC_MALLOC_ARENA_SIZE=4096
```

Chaguo-msingi ndilo linalotofautiana. Kwa minimal libc ni sifuri, yaani `malloc` itarudisha NULL daima mpaka uweke namba. Kwa picolibc, kwenye bodi nyingi, ni kumbukumbu yote iliyobaki baada ya programu kupangwa. Zipo hali za pekee: penye MMU (kitengo cha kusimamia kumbukumbu) ni kilobaiti 16, na penye `CONFIG_USERSPACE` ambapo MPU (kitengo cha kulinda kumbukumbu) inadai mpangilio wa vipeo vya mbili ni kilobaiti 2. Mwenye kuhama kutoka bodi isiyo na ulinzi wa kumbukumbu kwenda yenye ulinzi huo anaweza kujikuta hipu imepungua kutoka makumi ya kilobaiti hadi mbili, bila kugusa mstari mmoja wa msimbo. Andika ukubwa waziwazi. Hata kama chaguo-msingi linakufaa leo, namba iliyoandikwa huonekana kwenye ripoti ya RAM, wakati hipu ya "kilichobaki" haihesabiwi.

Newlib ina mgawaji wake wa ndani. Nayo huchukua kumbukumbu iliyobaki, na `CONFIG_NEWLIB_LIBC_MIN_REQUIRED_HEAP_SIZE` hutaja kiasi ambacho hutaki ipungue chini yake. Kinachoitofautisha ni kwamba inatumia `malloc` hata pale ambapo wewe hukuiita. Bafa ya `stdout` huombwa kwenye hipu mara ya kwanza unapochapisha, na kugeuza desimali kuwa matini nako kunaomba kumbukumbu. Mradi wenye kanuni ya "hakuna mgao baada ya kuwaka" unaivunja kanuni hiyo kwa `printf("%f")` moja. Picolibc haiombi hipu kwa ajili ya `printf`, na kwa mifumo ya usalama jambo hilo peke yake hutosha kuamua.

Bafa hiyohiyo ya newlib huleta lalamiko jingine: matini yasiyo na `\n` hayaonekani kwenye konsoli. Yapo, yamekaa ndani ya bafa yakisubiri mwisho wa mstari. Ita `fflush(stdout)` au uizime bafa kwa `setvbuf(stdout, NULL, _IONBF, 0)` mwanzoni mwa `main`.

## Staki, nyuzi na ulinzi

Picolibc huhifadhi vitu kama `errno` kwa kila uzi peke yake, na nafasi hiyo hukatwa kwenye staki ya uzi: baiti 8 hadi 16 kwa kila mmoja. Ni kidogo, lakini uzi uliokuwa umepimwa hadi baiti ya mwisho chini ya minimal libc unaweza kufurika baada ya kuhamia picolibc. Newlib hula staki zaidi, hasa kwa desimali. Uzi wa `main` wenye baiti 1024 unaoita `printf` ya `%f` ni wa kutiliwa shaka mara moja.

Usikisie. Washa kipimaji kwa muda:

```
CONFIG_THREAD_NAME=y
CONFIG_THREAD_ANALYZER=y
CONFIG_THREAD_ANALYZER_AUTO=y
CONFIG_THREAD_ANALYZER_AUTO_INTERVAL=10
```

Kila sekunde 10 utaona kila uzi umefika wapi kwenye staki yake. Iendeshe programu katika hali yake nzito zaidi, ikiwemo njia za makosa, ndipo uweke ukubwa wa mwisho na akiba juu yake.

Mwenye kutumia `CONFIG_USERSPACE` ajue kwamba picolibc na newlib zina data zao kwenye sehemu iitwayo `z_libc_partition`. Ukiunda eneo lako la kumbukumbu, sehemu hiyo lazima iongezwe humo, la sivyo uzi wa mtumiaji unaanguka kwa kosa la ulinzi ndani ya kitendakazi cha C kinachoonekana hakina hatia. Kwa `malloc` kutoka kwenye uzi kama huo, ongeza pia `z_malloc_partition`.

Na `printf` ndani ya kikatizi (interrupt) iachwe kwenye maktaba zote. Newlib hufunga kufuli ambalo msingi wake ni mutex, na mutex ya Zephyr haifungwi ndani ya kikatizi. Tumia `LOG_INF` ikiwa katika hali ya kuahirisha uchapishaji.

## Ukubwa kwenye flashi

Kwa programu ndogo isiyochapisha desimali, mpangilio wa kawaida ni minimal libc ndogo kuliko zote, picolibc na nano zikifuata, newlib kamili mbali nyuma. Lakini mpangilio huo hauna uhakika kwa programu yako. Picolibc inaondoa bendera ya `-ffreestanding` ambayo minimal libc huitumia, na kompaila akiwa huru kutambua `strlen` au `memcpy` kama vitendakazi vya kiwango huweza kuvikokotoa au kuvifupisha wakati wa kukompaili. Kwa msimbo wenye matini mengi, pengo hupungua.

Uhuru huo una upande wa pili. Kitendakazi chako mwenyewe ulichokiita `log` au `round` kitazua onyo la kugongana na cha kiwango, na `void main(void)` itaonywa kwa kuwa Zephyr inataka `int main(void)`. Badilisha majina, usizime maonyo.

Kupima huchukua dakika chache. Jenga mara tatu kwenye folda tatu:

```
west build -p always -b nrf52840dk/nrf52840 -d b_min . -- -DCONFIG_MINIMAL_LIBC=y
west build -p always -b nrf52840dk/nrf52840 -d b_pico . -- -DCONFIG_PICOLIBC=y
west build -p always -b nrf52840dk/nrf52840 -d b_nano . -- -DCONFIG_NEWLIB_LIBC=y -DCONFIG_NEWLIB_LIBC_NANO=y
```

Kisha `west build -d b_pico -t rom_report` na `ram_report` kwa kila moja. Weka bodi yako mahali pa hiyo ya mfano. Mradi ukishindwa kujengwa kwa minimal libc, soma majina ambayo linka inayakosa. Mara nyingi ni moja au mawili, na unaweza kujiuliza kama kweli unahitaji `sscanf` kusoma "25,60" au `strtol` mara mbili ingetosha.

## C++ na msimbo wa nje

Maktaba ya kiwango ya C++ inahitaji maktaba kamili ya C, kwa hiyo minimal libc inatoka kwenye mjadala. Ukitumia picolibc pamoja nayo, zote mbili lazima zitoke kwenye seti ileile ya zana, maana ya C++ ilijengwa ikitegemea miundo ya ndani ya ile ya C. Hii ina maana kwamba `CONFIG_PICOLIBC_USE_MODULE` na marekebisho yake ya ukubwa huyapati.

Maktaba zilizokuja zimekompailiwa tayari, bila msimbo wake, ni kesi tofauti. Ukiona `undefined reference to '_impure_ptr'`, faili hilo lilijengwa dhidi ya vichwa vya newlib. Hakuna mpangilio wa Zephyr utakaolipatanisha na picolibc kwa usalama. Mwombe mtengenezaji ajenge upya, au mradi wako ubaki kwenye newlib. Kwa msimbo unaokuja kama chanzo, picolibc na newlib hukubali karibu kila kitu, kwa kuwa picolibc imerithi mengi kutoka newlib.

Seti za zana nazo zinahesabika. Minimal libc hujengwa na kompaila nyingi tofauti kwa sababu chanzo chake kimo ndani ya Zephyr. Newlib haimo, unapata ile iliyokuja na seti yako ya zana, kwa toleo lake na mipangilio yake. Picolibc inapatikana kwa njia zote mbili.

## Uchague vipi kwa hali yako

Bodi yenye RAM ya kilobaiti 8 na flashi ya 64, kama Nucleo ya STM32F030R8, inayosoma sensa na kutuma namba nzima: anza na minimal libc. Weka hipu kuwa sifuri kwa makusudi. Halijoto ya nyuzi 25.60 ibebwe kama 2560 na nukta iwekwe wakati wa kuchapisha, na hutahitaji desimali kabisa.

Mradi mpya kwenye maikrokontrola ya wastani, unaochapisha desimali kiasi, unaotumia moduli za Zephyr za kawaida: kaa na picolibc, andika ukubwa wa hipu, washa desimali kupitia `CONFIG_REQUIRES_FLOAT_PRINTF`. Kama bodi ni Cortex-M4F, kumbuka kwamba kitengo chake cha desimali ni cha `float` pekee, na `printf` hupokea `double` daima. Ikiwa nyuzi zaidi ya mmoja zinatumia desimali, washa `CONFIG_FPU=y` na `CONFIG_FPU_SHARING=y`.

Mfumo unaokatazwa kugawa kumbukumbu baada ya kuwaka: minimal libc au picolibc, zote mbili zinafaa, na `CONFIG_COMMON_LIBC_MALLOC_ARENA_SIZE=0` itaonyesha haraka ni nani anayekiuka. Newlib itakutaka uthibitishe kila mwito wa `stdio`.

Umerithi mradi wenye faili la `.a` (maktaba iliyokompailiwa tayari) la mtengenezaji lililojengwa na newlib, na unafanya kazi: usihame kwa sababu ya mtindo. Chagua kati ya kamili na nano kwa swali moja, je, kuna `%lld`, `%llu`, `%hhx` au `PRIu64` mahali popote? Tafuta kwenye msimbo wote kwa `grep -rnE '%[0-9]*(ll|hh)|PRI[diux]64'` kabla ya kuamua. Ikiwa zipo nyingi na flashi inatosha, kamili itakuokoa siku nyingi za kuwinda matini yaliyoharibika.

Unahamisha mradi wa zamani, wa kabla ya Zephyr 3.5, kwenda toleo jipya: kwanza weka `CONFIG_MINIMAL_LIBC=y` ili mambo yabaki kama yalivyokuwa, hakikisha bodi inafanya kazi, ndipo ubadilishe kwenda picolibc kama hatua ya pekee yake. Ukifanya yote kwa mkupuo, uzi ukifurika hutajua ni toleo jipya au ni zile baiti 16.

Unajaribu kwenye `native_sim` (Zephyr ikiendeshwa kama programu ya kompyuta yako) kabla ya kwenda kwenye bodi: kwa kawaida hapo unatumia maktaba ya C ya kompyuta yako, ambayo ina kila kitu, na `%lld` na `%f` zitapita daima. Andika `CONFIG_PICOLIBC=y` au `CONFIG_MINIMAL_LIBC=y` kwenye mipangilio ya majaribio pia, ili `*float*` ionekane kwenye meza yako.